Mguu Nilioukaza

Walukuba, Jinja

Dada yangu Mariamu,

Amani iwe juu yako na juu ya wote mnaolala chini ya paa moja hapo Wanale, Mbale. Goti la Mama limepoa? Na yale maharage, mvua imewabakizia chochote? Sisi huku tu wazima, ukiondoa mkono wa mume wako.

Barua hii nimetumwa na yeye. Wiki ya pili sasa hupokei simu zake, na mkono wake wa kulia umo kwenye plasta, hivyo ameniomba nikuandikie kwamba alianguka kwa uzembe wake, anaomba radhi, na baiskeli ataiuza. Yuko pale mlangoni anahangaika kutunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto. Anadhani hayo ndiyo ninayoandika.

Dada, shemeji hana kosa. Kosa ni langu.

Unajua baiskeli yake ni ya lami, ile nyembamba. Wenzake anaoendesha nao Jumapili huvaa viatu vyenye kichuma kikubwa chini, kinachonasa kwenye pedeli, na wakishuka hutembea kama bata. Mimi nilimfungia pedeli za baiskeli ya mlimani pamoja na viatu vya aina hiyo, maana kichuma chake ni kidogo na kimejificha ndani ya soli. Fundi cherehani anayewapelekea wateja nguo Nalufenya lazima ashuke, atembee. Wenzake walimcheka: "Huyu mutu ya Mbale, hata kwa lami anapanda mulima." Akacheka nao. Kwa hiyo viatu usivilaani, havina neno.

Pedeli hizo zina springi. Kwa mtu anayejifunza huwa tunailegeza, ili akigeuza kisigino nje mguu utoke. Nilimlegezea, akapanda na kushuka wiki mbili bila tatizo. Ijumaa ile asubuhi alipita kibandani kwangu nimtilie upepo, akasema, "Fundi, leo ni kukaza mguu tu."

Alimaanisha anakwenda mbio, awahi kurudi kabla ya swala. Lakini sisi pale kibandani pedeli tunaiita mguu. Nikachukua spana, nikakaza springi zote mbili. Moyoni nilijua ni mapema mno kwake. Kumuuliza kulihitaji neno moja tu, nami nilikuwa na wateja wawili wanangoja, sikuuliza.

Kwenye njia panda ya Nalufenya alisimama kupisha lori. Akageuza kisigino, mguu ukakataa. Alianguka pale pale aliposimama, akatua juu ya kiganja. Daktari anasema mfupa utaunga, ila vidole vitachelewa kurudi, na wewe unajua shemeji anakula kwa vidole hivyo.

Hospitalini shemeji aliniambia, "Samahani, fundi. Wewe ulinifundisha muzuri. Ni mimi tu, mguu yangu imezeeka." Nikamwekea mto chini ya mkono. Kesho yake ukanipigia wewe, ukanishukuru, ukasema afadhali Jinja kuna mtu mmoja mwenye akili wa kumwangalia mume wako. Nikajibu, "Ndiyo, dada." Naona haya, dada. Nimekuacha umnunie mtu asiye na hatia, nami nikala sifa.

Nakuomba upokee simu yake. Maneno uliyomwekea yeye, nipe mimi, hata mbele ya Mama.

Nisalimie Mama, na shangazi anayeuza ndizi sokoni, na wapwa zangu wote wawili. Mkubwa mwambie mjomba hajasahau daftari lake. Jirani anayekwenda Mbale kesho ndiye atakayekuletea barua hii.

Shemeji ameniita sasa hivi. Anataka nimsomee kabla hajaweka jina lake. Nimemwachia nafasi hapa chini, pembeni ya langu. Ukiikuta tupu, ujue nilimsomea yote, akakataa kuitia jina lake.

Mdogo wako,
Hamidu