Vipindi vya Kuchumia Chai

Jumanne, 7 Mei
Ukungu mpaka saa nne. Matenga mawili, mimi na mama mkwe. Eliya mgongoni siku nzima, hakulia hata mara moja. Vidole ganzi. Hedifoni naweka sikio la kushoto tu. La kulia namwachia mama mkwe, asije akaita nisisikie.
Nimemaliza kipindi cha wale wadada wawili wanaocheka mpaka wanasahau walichokuwa wanasema. Nimecheka peke yangu katikati ya chai kama kichaa. Eliya naye akacheka. Kila nikicheka, naye anacheka. Tunasikiliza wote, naona.
Kile cha kuku nimekifuta. Jamaa anaongea kama anasoma risiti.

Alhamisi, 9 Mei
Siku ya gulio, soko la Igowole. Huku shambani mtandao ni wa kuotea, kwa hiyo nimekaa kwenye ngazi za duka la vitenge nikashusha vipindi vya wiki nzima. Kuchagua ni kazi. Kingine kinaitwa historia, ukifungua ni mahubiri. Kingine kelele za muziki, mtu humsikii. Dada Sekela, dada yangu wa Soweto kule Mbeya, ndiye alinifundisha hizi podikasti. Alisema sikiliza dakika tano. Mikono ikisimama, hicho si cha kazi. Tenga likijaa bila wewe kujua, hicho weka.
Nimeishia darasa la saba. Lakini mwaka huu nimejua figo inafanya nini, na kwa nini mwezi haudondoki. Namsimulia Eliya kila kitu. Ana miezi kumi, ataanza shule anajua.
Nimechukua na kimoja cha nesi, cha kulea watoto.

Jumapili, 12 Mei
Kanisani kwaya wageni, na ngoma kubwa. Watoto wote walishtuka, wakalia kwa zamu. Eliya alilala fofofo. Kina mama wakageuka kumwangalia. Mtoto mpole huyo, wakasema, hana makuu. Nilijivuna. Nilijivuna sana.

Jumatano, 15 Mei
Nesi alisema mtoto wa miezi kumi ukimwita kwa nyuma anageuka. Alisema usimpakate, usimbebe. Mweke chini, simama asipokuona, ita jina lake.
Mikono ilisimama.
Nilianza kukumbuka lini nimemweka Eliya chini. Huku baridi. Sakafu yetu ni udongo. Mtoto anakaa mgongoni, kwangu au kwa bibi yake, mpaka atakapotembea. Ndivyo wote walivyolelewa hapa.
Saa kumi na moja tumerudi, nikamweka kwenye mkeka. Nikasimama nyuma. Nikaita. Nikagonga sufuria kwa mwiko.
Mbwa wa jirani kule nje aligeuka. Eliya hakugeuka.

Alhamisi, 16 Mei
Labda jana alikuwa na usingizi.
Leo nimegonga mara kumi. Hapana. Lori la majani lilipofika bandani kupakia lilipiga honi, mtoto wa jirani akaruka. Wangu alikuwa anacheza na kifungo cha sweta.
Halafu nimefanya kitu. Nimembeba mgongoni, nikafunga mbeleko. Nikacheka bila sauti. Nimetikisa mabega tu, mdomo nimefunga. Amecheka. Vilevile kama siku zote.
Miezi yote ile. Figo, mwezi, wale wadada. Nilikuwa naongea peke yangu.
Siwezi kuandika zaidi.

Jumamosi, 18 Mei
Baba Eliya amekuja. Anafanya kazi Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi, anakuja kila baada ya wiki mbili. Nilimngoja afike ndiyo niseme mbele ya wote wawili. Alisimama nyuma ya mtoto akabamiza mlango. Akabamiza tena. Kisha akatoka kwenda kupasua kuni zilizokwisha kupasuliwa.
Mama mkwe alikuwa anachambua mboga. Akasema, "Tangu mimba una vidude masikioni, mama Eliya. Umesikiliza mpaka umemmalizia mwenzio kusikia."
Naogopa kuwa ni kweli. Nimetia hedifoni kwenye kopo la chumvi tupu, nimefunga mfuniko.

Jumanne, 21 Mei
Bila kipindi. Mvua juu ya nailoni niliyojifunga, basi. Mama mkwe anachuma mstari wa mbali. Kichwa changu nacho kimekuwa kipindi, kinarudia kilekile: umemmalizia, umemmalizia. Tenga halijai. Juzi nimempigia dada Sekela. Kasema njoo Mbeya, hospitali nitakupeleka mimi. Mama mkwe hakukataa wala hakukubali. Baba Eliya amekubali kwa simu.

Jumatatu, 27 Mei
Soweto, kwa dada. Nimekulia mtaa huu lakini leo umenipigia kelele. Nasikia kila kitu, pikipiki, redio, muuza maandazi. Namwangalia Eliya. Anaangalia midomo yetu. Sijui alianza lini kuangalia midomo, mimi nilikuwa mbele, yeye nyuma.

Jumanne, 28 Mei
Hasikii. Masikio yote mawili. Walimpima amelala, waya ndogo kichwani, mashine ikachora mistari. Daktari ni mama mtu mzima. Aliuliza kama mtoto aliugua akiwa mchanga. Nikakumbuka ile homa, alipokuwa na wiki tatu, mwili moto, shingo ngumu, tukalazwa. Akaandika. Akasema huenda ndiyo hiyo.
Nikamuuliza la hedifoni. Hakunicheka. Alisema, "Sikio la mtoto halimalizwi na mama yake kusikiliza. Nani kakwambia hivyo?"
Sikumtaja.
Kuna vifaa vya kuvaa, vinaweza kusaidia kidogo au visisaidie. Turudi Agosti. Nimetoka nje nikalia, dada kamshika mtoto. Nimelia kwa sababu si mimi. Nimelia tena kwa sababu bado hasikii.

Alhamisi, 30 Mei
Dada anauza chipsi, kwa hiyo kutwa ni kumenya viazi. Alinipa simu yake. Kipindi cha mama mmoja mwenye binti kiziwi. Anaongea taratibu, hana kilio. Anasema usingoje kifaa, anza na mikono leo, mtoto anajifunza lugha kwa macho kama wenzake kwa masikio. Akaeleza maziwa: nyosha mkono mbele, kunja ngumi, kunjua, kama unakamua ng'ombe.
Nimerudisha nyuma mara nne. Kisu nimeweka chini. Dada kaniambia viazi havijimenyi. Nikamwambia ulisema mwenyewe, mikono ikisimama si cha kazi. Halafu naye kaweka kisu chini, akakunja ngumi, akakunjua.

Jumatatu, 3 Juni
Nimerudi. Nimemweleza mama mkwe yote, homa, mistari, Agosti. Nilimwambia na alichosema daktari kuhusu kusikiliza. Alikuwa anakoroga uji. Aliendelea kukoroga. Nikamwonyesha maziwa. Hakutazama, au nilidhani hakutazama.
Kila nikimnyonyesha Eliya nakamua hewa kwanza. Ananiona kama mtu anayecheza. Siku nne sasa. Hakuna kitu.

Jumamosi, 8 Juni
Jua kidogo leo. Nilitoka kuanika nguo nikakuta mama mkwe ametandika mkeka uani, na blanketi lake juu ya mkeka, lile zuri la harusi. Amemweka Eliya chini. Amekaa mbele yake, magoti yanamuuma najua. Anakunja ngumi, anakunjua. Polepole. Aliponiona hakusimama. Kaniuliza tu, maji wanafanyaje.
Sikujua. Nimemwambia gulio lijalo nitatafuta.
Eliya bado hajafanya. Anaangalia mkono wa bibi yake kama anaangalia moto.
Mchana tumechuma, tenga moja na nusu. Nimetoa hedifoni kwenye kopo, ina chumvi, nikaifuta. Sikio la kushoto. Wale wadada. Wamefika mahali nikacheka. Mgongoni, naye.