Bibi Aliyegeuka Mraba Mwekundu

Jumatatu, 9 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mama naye mzima, mguu wake umeacha kuvimba. Na wewe, kazi ya mabango inaendeleaje, na kile kikohozi cha harufu ya rangi? Leo nimekusudia kukueleza yote kwa barua pepe hii, hata yatakayokuudhi.

Mchezo wetu wa kompyuta umeingia shindanoni. Tulipewa siku tatu za kuutengeneza, na mwisho ulikuwa jana saa kumi na moja jioni. Kila nilichoandika mimi kilifanya kazi: milango inafunguka, saa inahesabu, bibi anapita chumba hadi chumba akitafuta miwani yake. Saa tisa picha zako zikafika. Kaka, ulimchora bibi kama anayekwenda kubandikwa juu ya ghorofa. Kompyuta ya shule ilijaribu kumfungua, ikaganda. Mwalimu wa hesabu, aliyeniachia ufunguo wa chumba, alichungulia akasema, "Huyo bibi yenu haingii mlangoni." Nikampunguza, akawa doa lisilo na uso. Saa kumi na nusu nikakata tamaa, nikaweka mraba mwekundu mahali pake, nikatuma.

Mama alipouona aliuliza, "Ndiye mama yangu huyu?"

Jina lako nimeliacha palepale, chini ya neno Michoro.

Mimi mdogo wako.

Jumatano, 11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kikohozi kimepungua, hasira ndiyo imepanda. Nimeufungua mchezo hapa karakana, wenzangu wamesimama nyuma yangu, maana niliwatambia wiki nzima. Chini yake mtu ameandika, "Mchoraji alikuwa likizo?" Tangu hapo fundi mkuu ananiita Bwana Mraba. Leo kanikabidhi bango la duka la viatu, kasema, "Na viatu viwe na pembe nne, kama kawaida yako."

Siku zangu mbili za mapumziko zimeishia kwa bibi: ile mikunjo ya paji, na miwani iko kichwani huku anaitafuta. Kazi yangu ni kuchora kitu kionekane toka ng'ambo ya barabara. Ningejuaje kwamba kompyuta inataka kidogo? Ungenipigia simu tu. Ningempunguza mwenyewe kwa nusu saa.

Nitolee jina langu pale. Msalimie mama.

Kaka yako.

Ijumaa, 13 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo tena, ingawa najua huna hamu ya kuniitikia. Mama anakusalimu.

Jumatatu nilisema nakueleza yote, lakini sikueleza. Simu ilikuwa mezani, na salio lilikuwepo. Sikukupigia kwa sababu nilijua utasema nisubiri, na mimi nilitaka mchezo wangu uingie. Nimeandika "wangu", na silifuti neno hilo, kwa kuwa ndivyo nilivyowaza saa ile. Kipimo cha picha nacho sikukupa. Nilidhani kila mchoraji anakijua.

Nimewaandikia waandaaji. Wamejibu kwamba picha hazibadilishwi baada ya muda kwisha. Tukimweka bibi, mchezo utabaki ukurasani watu wauone, ila utatolewa mashindanoni. Hivi sasa, kwa kura za wanaoucheza, tuko nafasi ya kumi na tisa, na ishirini wa kwanza wataalikwa kwenye mafunzo ya likizo. Unajua nilivyoyataka hayo mafunzo tangu mwaka jana.

Jana nilikaa na mwalimu tukampunguza bibi kidogo kidogo, mara kumi na moja. Sasa anapita mlangoni, na mikunjo ya paji inaonekana yote. Nilimwonyesha mama. Alisogea karibu, akaiambia kompyuta, taratibu, "Miwani si iko kichwani, mama."

Sijalala vizuri, kaka, na nimechoka kuwaza peke yangu jambo la watu wawili. Kura zinafungwa kesho saa sita mchana. Nijibu leo hii, hata kwa neno moja: nilitoe jina lako, au niutoe mraba?

Mdogo wako.