Sentensi Niliyokufundisha Kusema

Kwako Baba Mdogo,

Tulikuzika mwezi uliopita na sikulia. Nilijaribu, watu wasije wakasema, lakini macho yalikataa. Nilichokumbuka pale kaburini ni baiskeli yako nyeusi, ulivyonipakia nyuma tukaenda soko la Sondu, ukaninunulia mahindi ya kuchoma na kusema, "Kula, nyathina, mwanangu, mifupa ikomae." Nilikupenda siku zile. Ndiyo maana chuki yangu ilipokuja, ilikuja na mizigo yake yote.

Unakumbuka katikati ya miaka ya themanini, baba alipoanguka akifunga kamba za viatu? Tulimkimbiza hospitali Kisumu, akalazwa kitanda cha pili kutoka kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Wote wawili kiharusi, wote mkono wa kulia umekufa na mdomo umekwenda upande. Baada ya muda Mhindi alikuwa anatembea na fimbo, anawatania wauguzi. Baba alizidi kuzama.

Daktari alikueleza taratibu, nami nimesimama pale. Wahindi wengi aliowatibu, mshipa wa kichwani ulikuwa umezibwa na damu iliyoganda. Watu wetu wengi, mshipa ulikuwa umepasuka kwa presha isiyotibiwa. "Wengi, si wote," alisema. "Ni kiharusi, lakini si cha aina moja."

Ukamcheka. "Daktari, wacha kutubeba ujinga. Mkono ni ile ile, mdomo ni ile ile. Mbona Mhindi anaenda nyumbani na ndugu yangu anakufa? Hii ni chira."

Chira, laana ya aliyevunja mwiko. Na mvunjaji ulikuwa naye tayari: mama yangu, ambaye msimu ule alipanda maharagwe kabla mama mkwe wake, nyanya yetu, hajatia mbegu ardhini. Kwa mistari miwili ya maharagwe ulimtoa baba hospitali ukamrudisha nyumbani Pap Onditi kunywa dawa za mizizi. Hakumaliza hata chungu cha kwanza. Siku ya mazishi ulimwonyesha mama kidole mbele ya watu wote, ukamwita kwa jina la kwao, binti wa Sondu. "Huyu Nyar Sondu ameua ndugu yangu. Atoke!"

Tulitoka. Tukapanga chumba Migosi, mjini Kisumu, na kila mtu wa kwetu Nyakach tuliyekutana naye sokoni aligeuka akaenda kuangalia mboga za upande mwingine. Mama alizeeka akiitwa muuaji. Shamba lake alililima mke wako.

Mimi nikasomea kuwafanyisha mazoezi wagonjwa waliopooza. Watu hudhani ilikuwa huruma. Ilikuwa hasira, nilitaka kukijua vizuri kilichomuua baba.

Halafu mwaka jana wanao wakakuingiza chumba changu cha mazoezi hospitalini kwa kiti cha magurudumu. Mkono wa kulia umekufa, mdomo upande, maneno yamepotea. Daktari akasema dalili zako ni za mshipa kuziba. Baba Mdogo, nilicheka mpaka nikaenda kujificha chooni. Ulikuwa umepata kile cha Mhindi! Niliporudi nilikuinamia sikioni nikakuuliza, "Safari hii nani amepanda mapema?"

Ukatazama chini.

Hatukuwa na mtu wa kufundisha kusema, kwa hiyo kazi hiyo nayo ikawa yangu. Wengine niliwaanzisha na "maji", "chai", jina la mtoto. Wewe nilikuchagulia sentensi nzima: "Nyar Sondu hakuua ndugu yangu." Ulitikisa kichwa. Nikaukunja mkono wako, nikaunyosha, nikairudia sentensi. Sikukuumiza wala sikukunyima zoezi hata moja. Nilitaka upone vizuri, usikike. Ulipofika "Nyar Sondu" ulilia. Nilingoja umalize, nikasema, "Endelea, Baba Mdogo." Ilikuwa tamu, sitaficha.

Siku ya kuruhusiwa niliwaita mkeo na wanao, nikamketisha mama mbele yako. Ukaisema. Kwa shida, mate yakikutoka, lakini kila neno lilisikika. Mama alitoa kitambaa akakupangusa kidevu, kitu ambacho mimi nisingekifanya.

Kiharusi cha pili kimekumaliza, na mama amerudi nyumbani kwake. Nakuandikia kutoka Pap Onditi. Nyanya hayupo tena, kwa hiyo wa kwanza kutia mbegu ni mke wa kaka mkubwa, yaani mama. Huo ni mwiko wako mwenyewe, sikuutunga mimi. Jana mvua ilinyesha vizuri. Mke wako amesimama ukingoni mwa shamba na jembe lake tangu asubuhi, hathubutu kuanza. Mama ameketi mlangoni anakunywa chai.

Nimemwongezea kikombe kingine.

Lala, ukiweza.

Mimi,
Binti wa Nyar Sondu