"Mawazo Tu," Nilimjibu

Jumapili, Kasulu. Ukungu umekaa vilimani tangu asubuhi, na mimi mwenyewe sijachangamka.

Nimetoka kwa Bibi Mwamini sasa hivi. Naandika kabla sijaanza kujitetea.

Kwa msionijua: nafundisha darsa la akina mama msikitini kwetu, kila Alhamisi baada ya Alasiri. Kiarabu nilijifunza ukubwani, na kilichonivuta ni mashairi ya Kisufi, hasa ya hawa wanaoandika siku hizi, wenye simu mkononi na vita mlangoni. Nayatafsiri, na nikipata ujasiri nawasomea wanafunzi wangu.

Alhamisi ya wiki juzi niliwasomea shairi la mama mmoja wa Afrika Kaskazini. Anakanda unga jikoni, mara Mpenzi, ambaye kwa Masufi ni Mungu, anaingia. Habishi hodi. Anavuta kigoda, anakaa, na nyumba nzima inatulia. Mshairi hasemi "ni kama" wala "nilidhani". Anasema amekuja.

Mama Shabani, mkubwa wa darsa letu, aliinua mkono.

"Mwalimu, Mungu anakaa kwenye kigoda?"

Wote wakanigeukia. Nikaogopa. Niliona jina langu linafikishwa kwa imamu na darsa linafungwa. Nikajibu harakaharaka, "Hapana, mama. Hakuna alichokiona. Ni mawazo tu ya mshairi."

Mawazo tu.

Jibu refu nilikuwa nalo. Sikulitoa.

Bibi Mwamini alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alikuja huku zamani akikimbia vita Burundi, na njiani akapotezana na binti yake, Zaina. Hajamwona tena, wala hajapata habari zake. Alhamisi hii hakuja. Nikadhani ni magoti yake, ambayo humsumbua.

Leo nikaenda kumjulia hali. Nilimkuta barazani anachambua maharage.

"Amahoro, mwana wanje. Karibu," alinisalimu kwa Kirundi chake, yaani amani, mwanangu, akanisogezea mkeka.

Magoti hayakuwa na neno. Tuliongea habari za mihogo na za wajukuu wa jirani, kisha akaweka ungo chini.

"Mwalimu, kwangu Zaina huwa anakuja. Asubuhi nikichambua maharage, anakaa hapo ulipokaa wewe. Amekuwa mtu mzima, ana watoto. Tunaongea. Uliposoma lile shairi nilifurahi, nikasema kumbe siko peke yangu. Halafu ukasema ni mawazo tu."

Nilishindwa hata kumtazama.

Ndipo nikamweleza niliyopaswa kuyasema darasani. Kwamba kwa Masufi khayali si uongo. Ni jicho la moyo, ni mahali kati ya dunia hii na ile tusiyoiona, ambapo kisicho na mwili huvaa umbo ili tuweze kukipokea. Mungu hakai kwenye kigoda, lakini yule mama ana jiko lake tu la kumkaribishia. Nikamweleza pia kuhusu washairi waliobomolewa miji yao, wanaorudi kwa khayali kwenye vichochoro vyao na kuwasha taa, na jinsi ambavyo hawaoni kwamba wanajidanganya.

Nilieleza vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Maneno mazuri, Mwalimu. Ungeyasema siku ile."

"Na Zaina, bibi?"

"Nimejaribu. Hata leo asubuhi nimejaribu. Naona maharage."

Hakuwa na hasira, na nadhani ningefarijika kama angekuwa nayo. Niliomba radhi, akanipigapiga begani kama mimi ndiye niliyefiwa, akasema nilikuwa na hofu na hofu anaijua. Kisha akaingia ndani kunitafutia parachichi za kubeba. Nilibaki nimekaa pale kwenye mkeka na sikuthubutu kusogea.

Nilihofia kupoteza darsa. Yeye amepoteza asubuhi zake.

Je, mtu akishanyang'anywa kitu cha namna hiyo kwa neno moja, kuna maneno mangapi ya kukirudisha? Au hakirudi?

Alhamisi nitalisoma lile shairi tena, mbele ya Mama Shabani, na swali lake nitalijibu lote, hata darsa likiniponyoka. Nilimwomba Bibi Mwamini aje kusikiliza.

Alisema ataangalia mvua itakavyokuwa.