Vita Alivyovisoma Usoni Mwako

Chumba cha juu, duka la ushonaji
Jumapili, alasiri

Mpendwa kaka,

"Asiyewahi kusikia risasi hana la kuandika kuhusu vita." Ndivyo ulivyomwambia binti yako kwenye simu kuhusu riwaya anayoiandika hapa kwangu. Nitakujibu, ila kwanza, hujambo? Goti linasemaje na baridi ya huko? Sisi wazima wa afya. Hasira tu ndiyo inayonisumbua.

Nani kakwambia hajavisikia? Amekulia nyumba ambayo baba hakai akiupa mlango mgongo. Upepo ukibamiza dirisha, wewe unakatiza neno katikati. Mtoto yule alivisoma vita usoni mwako kabla hajajua kusoma kitabu.

Wewe askari mzima umeishia sura ya pili, penye mizinga inayojiendesha, ukadhani anashangilia vita. Ungeendelea! Wasichana wawili, kila mmoja na upande wake wa vita, wanaongoza ndege zisizo na rubani. Hawajaonana kamwe. Mmoja anamtambua mwenzake kwa namna anavyoizungusha ndege kabla ya kushambulia. Wanaanza kukosa shabaha makusudi, na urafiki unazaliwa bila salamu. Nimesoma vitabu vya vita vya wakubwa wenye nishani kifuani. Urafiki wa namna hii sijaukuta humo.

Niliwasomea mafundi wakishona sare za shule. Vyerehani vikanyamaza kimoja kimoja. Fundi wa vifungo, ambaye hajawahi kusifu kitu isipokuwa siku ya mshahara, akauliza, "Sasa akiamriwa alipige jengo alimo mwenzake?"

Nikamwambia sura ya mwisho bado haijaandikwa. Mchapishaji anaingoja mwisho wa mwezi huu, asipoipata atachukua kitabu kingine. Tangu simu yako binti hajaandika hata mstari. Nilipombana alisema, "Baba ndiye anayejua, shangazi. Mimi nilikuwa nabahatisha tu."

Hakubahatisha, kaka. Kalenga penyewe, ndiyo maana uliishia sura ya pili.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Nibusie wifi na yule mtundu wenu mdogo. Mungu awafunike huko mliko.

Sasa nakutaka hivi. Soma mpaka ukurasa wa mwisho alioandika. Kisha mpigie wewe mwenyewe, usimtume wifi. Usimsahihishie bunduki hata moja. Muulize: kati ya wale wawili, nani ataikataa amri kwanza? Halafu nyamaza, umsikilize.

Akupendaye hata akikugombeza,
Dada yako