Mwanangu Asema Mji Mzima Hauna Chumba

Ma Adelgunda, pole na kazi ya kusoma mashaka ya watu gazetini kila wiki, na mimi leo nakuongezea la kwangu, naomba unisaidie kabla sijafanya kitu ambacho huku Kamuli watakisimulia mpaka msimu ujao wa kahawa.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, mke wa Lameck, tunalima kahawa na ndizi, na mtoto wangu wa kwanza anaitwa Egbert, yuko mwaka wa pili chuoni katika mji ambao sitautaja kwa sababu ni mdogo na watu wake wanajuana. Nilipokuwa kidato cha pili nilipata mimba ya huyo Egbert, shule wakanifukuza, nikajifungua nikiwa kwa mama yangu, baadaye Lameck akanioa na mtoto akampokea kama wake, basi hayo yamepita na wala sioni haya kuyasema. Miaka ikaenda, chama chetu cha ushirika cha kahawa kikanipa kazi ya kuandika mihtasari kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, wakaniweka kwenye mizani, mwisho wakanichagua mweka hazina, na kila mkutano mkuu tunaletewa mhasibu kutoka nje anatusomea mahesabu mbio mbio, sisi tunapiga makofi, tunarudi nyumbani hatujaelewa kitu. Nikasema hapana, hii haiwezekani. Nikajiandikisha mitihani ya watu wazima, nikasoma kitabu kikiwa juu ya gunia la kahawa, nikafanya kidato cha nne katikati ya watoto wanaoniita mama, nikafaulu, na mwaka huu nimepata nafasi ya kusomea cheti cha uhasibu wa vyama vya ushirika. Mkutano mkuu umepitisha kunilipia ada, na chuo kilichonichukua ni hicho hicho cha Egbert.

Ma Adelgunda, nilifurahi mpaka nikamkumbatia mhudumu wa duka la simu aliyenisomea majibu! Nikasema Mungu ana mpango wake, mabweni ya chuo hayanifai mtu mzima na yamejaa, lakini macho yangu yako kule kule, mimi nihangaike na madalali ninaowasikia kwenye simu wakati mwanangu wa kumzaa yupo? Nikampigia, nikamwambia Egbert nitafutie chumba, kimoja tu, chenye umeme na maji ya karibu, kisichonimaliza. Akasema sawa mama. Wiki ikapita, akasema vipo lakini bei yake utalia. Nikamwambia endelea. Akasema kimoja kimeshikana ukuta na baa, kingine paa linavuja, kingine wanataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, halafu akanyamaza, na nilipompigia tena akasema mama vimeisha, mji mzima, wanafunzi wamevamia kama nzige, hata stoo zimepangishwa. Na mimi niko huku kwenye kibanja changu cha migomba nimeshika simu, mji wenyewe sijawahi kuukanyaga, utabishana vipi na mtu aliye huko? Nikawa namwonea na huruma, nasema masikini mtoto wangu anazunguka juani kwa ajili yangu.

Sasa siku moja akanitumia picha amevaa shati jipya, ili nione alivyopendeza. Na kweli amependeza. Nyuma yake kuna ukuta, nikaona maandishi ya rangi, nikavuta picha kwa vidole viwili nikasoma, VYUMBA VINAPANGISHWA, na namba ya simu chini yake. Nikajua litakuwa tangazo la zamani, lakini moyo ukakataa, nikapiga. Akapokea mama mmoja mchangamfu, anaitwa Mama Winston, ndiye mwenye hiyo nyumba na ndiyo nyumba anayopanga Egbert. Nikamuuliza kama kuna chumba.

"Vipo mama yangu, karibu. Unatokea wapi?"

"Kyerwa, Kamuli huku."

"Aah! Nina mpangaji wa kutoka huko huko, kijana mmoja mstaarabu, Egbert. Naye aliniomba chumba kwa ajili ya mama yake, nikamwekea, keshoye akaja akaniambia mama ameahirisha mpaka mwakani."

Mawe, mama yangu wee! Nikakaa chini. Mimi nimeahirisha? Nimeahirisha nikiwa wapi?

Nikamwambia ndiye mimi, na sijaahirisha, na nikamweleza yote toka mwanzo maana kifua kilijaa, naye akanipa pole sana. Kisha nikampigia Egbert. Mwanzoni akasema mtandao haushiki, nikamwambia unashika vizuri, nimetoka kuongea na mama mwenye nyumba wako sasa hivi. Akasema, "Mama, elewa basi. Chuo ni cha vijana. Utakaa kantini na kina nani? Wenzangu watanifanyia utani mpaka nimalize. Kwa nini usisubiri tu nimalize kwanza?" Nikasubiri acheke aseme anatania, hakucheka. Ma Adelgunda, mtoto ambaye nilitolewa darasani kwa ajili yake ananiambia nisubiri! Mimi nimemsubiri azaliwe, atembee, amalize la saba, amalize sekondari, hivi sasa nimsubiri na nini tena, astaafu? Nikakata simu.

Lameck namheshimu, ni mume mwema, lakini naye ameniudhi, anasema mwache mtoto apumue, aibu ya ujana inapita, mwakani utakwenda. Mwakani! Chuo kinafungua mwezi ujao na asiyeripoti nafasi yake inakwenda kwa mwingine, na chama kimenipitishia ada ya mwaka huu, uongozi mwingine ukiingia nani anajua kama watanikumbuka? Mimi nikikaa safari hii nimekaa moja kwa moja.

Basi nimeamua, ila nataka nikusikie kwanza. Mama Winston ana vyumba viwili na bei ni moja, naimudu, kodi ya miezi mitatu tu anakubali. Kimoja kiko kwa dada yake upande wa sokoni. Cha pili kiko hapo hapo kwake, mlango wake unatazamana na wa Egbert, bafu wanatumia moja. Mimi nimemwambia aniwekee hicho cha kutazamana. Nataka akifungua mlango asubuhi anione nimekaa kwenye kigoda namenya ndizi, aende chuoni, na akifika chuoni anikute tena! Na ile mikungu niliyokuwa namtumia kwenye basi kutoka Omurushaka nimeikata, ale huo uzuri wa shati. Jumamosi natakiwa nitume hela. Je, nakosea? Au mama akishazaa ndiyo basi, hana tena aibu ya kwake wala elimu ya kwake, awe anaishi kwa kumpisha mtoto? Mji nimeuficha kwa ajili yake, lakini jina langu usilifiche.

Sperancia, mama yake Egbert,
Kamuli, Kyerwa.

* * *

MA ADELGUNDA ANAJIBU

Sperancia, nenda. Nalisema hilo kwanza, ili hata mtu akikunyang'anya gazeti katikati uwe umekwisha kulipata. Nenda mwaka huu, mwezi huo chuo kinapofungua, na begi lako.

Pole sana. Nimesoma ile sehemu ya "mama ameahirisha" nikaiweka barua chini nikaenda kunywa maji. Egbert amekosa, na amekosa vibaya. Angekuambia mama naona haya, mngegombana, mngelia, mngemaliza. Badala yake amekuzungusha kwenye mapaa yanayovuja na kuta za baa, kisha akakuahirisha kama kikao cha kamati. Hilo atalijutia siku akiwa na akili zake zote. Kwa sasa ana ishirini na kidogo, na umri huo mtu anaona haya hata ya kandambili za baba yake. Msamehe, lakini usimtii.

Na wewe Lameck, najua unasoma, mkeo hawezi kuandika barua ndefu hivi usiione. Unamwambia mwenzako ampishe mtoto, kwani wote wawili hawaenei chuoni? Huyo mama ndiye atakayekuja kukusomea mahesabu ya kahawa yako polepole, uelewe. Msindikize mpaka Omurushaka, umbebee mzigo, umpandishe basi ukiwa unatabasamu.

Sasa Sperancia, tusemane sisi wawili, maana na wewe umenikera.

Hicho chumba cha kutazamana na mwanao, acha! Umeniandikia kwamba unatafuta chumba cha kusomea, lakini mwishoni naona unatafuta mahali pa kumchapia mtoto. Utasoma saa ngapi, mama? Masikio yako yatakuwa kwenye mlango wake. Nani ameingia, nani ametoka, huyu binti ni nani, mbona taa inawaka, mbona imezimwa. Miezi mitatu itakwisha unaijua ratiba ya Egbert kwa moyo na leja huijui. Ukifeli, wale wote wanaoona umezeeka watapata la kusema. Kodi ya kumkomoa mtu hulipi kwa shilingi peke yake, unalipa na kichwa chako, na hicho kichwa chama kimekigharamia.

Chukua cha sokoni. Lakini usitume hata senti Jumamosi! Hapa ndipo nilipotaka kukupigia kelele. Mama Winston umeongea naye kwenye simu, hujawahi kumwona, na tayari umemmwagia mambo ya nyumba yako yote pamoja na ya mwanao. Huenda ni mtu mwema, sauti yake nimeipenda. Lakini umeshadanganywa na mtu uliyemzaa, sasa unataka kumwamini usiyemjua? Mwambie dada yake akupigie simu ya video mchana, jua likiwaka. Afungue bomba uone maji yanatoka. Aoneshe dari, komeo la mlango, choo. Akisita kuonesha choo, umekwisha kupata jibu. Umuulize mita ya umeme ni yako peke yako au mnachangia, na mnachangia na nani, maana ukichangia na mwenye saluni utalipia nywele za mji mzima. Muulize kama anaruhusu mkaa, usije ukafika na ndizi zako ukaambiwa hapa ni gesi tu. Vilevile piga simu chuoni, umwombe mlezi wa wanafunzi, umwambie wewe ni mtu mzima unataka chumba cha utulivu. Usimung'unye maneno. Si wewe wa kwanza kupiga simu hiyo, na wanazijua nyumba zenye amani.

Ukiridhika, mwambie huyo dada akushikie kwa maneno tu, na uondoke siku chache kabla chuo hakijafungua. Lala gesti ya kawaida, kaione nyumba kwa macho yako, ongea na wapangaji wengine mwenye nyumba asipokuwepo. Kisha ulipe hiyo miezi mitatu kwa mkataba wa maandishi, mwenyekiti wa mtaa akishuhudia. Akikuambia mkataba wa nini sisi ni ndugu, mshukuru kwa undugu, uende nyumba ya pili. Kwamba mji mzima umejaa umekwisha kuambiwa mara moja, ukaona ulivyojaa.

Ndizi rudisha. Wiki hii hii, mkungu mzuri, kwenye basi. Mtoto anaadhibiwa kwa mambo mengi lakini hanyimwi chakula cha kwao, na wewe mwenyewe hulali vizuri tangu umekata, usinidanganye.

Egbert usimwombe kitu tena kuhusu hiki chumba. Mwambie tarehe unayofika, basi. Usimwambie akupokee stendi, usimkataze. Wenzake usiwatafute, usijitambulishe kwao, kantini kaa unapotaka na ule unachotaka. Akija kukaa kwenye meza yako, msogezee kiti, na haya ya chumba msiyaanzishe hapo.

Lakini kuna siku mtakutana getini uso kwa uso, yeye akiwa na hao anaowaogopa. Siku hiyo usijifanye hujamwona, na usimwite kwa sauti ya kumtia haya. Simama tu na madaftari yako kwapani, katikati ya njia, umtazame, usubiri shikamoo yako. Akichelewa, usisogee. Utachelewa kipindi, naye atachelewa kipindi, lakini shikamoo ya mama itatoka.