Mtandao wa Bosi Uwanjani

Wewe, nimeumbuka.

Niko uwanjani huku ugenini, bando langu limekata hata mechi haijaanza. Nikasema basi, picha utaziona nikirudi.

Mara simu ikajiunga na mtandao yenyewe. Yenyewe, sijagusa kitu. Kutazama jina: "Bosi Usiguse". Ile hotspoti ya bosi wetu ninayoidandia kila siku ofisini.

Bosi aliyetuaga kwamba kiuno kimemlaza kitandani.

Nageuka, huyo hapo safu ya nyuma, kajipaka rangi uso mzima, anarukaruka. Kwa kiuno hichohicho.

Nikajikunyata kwenye kiti. Mimi nami nilimuaga kwamba naenda kumzika mjomba.

Sasa hivi umeingia ujumbe wake: "Pole na msiba. Usifungue video, bando linaisha."